Kiti Nilichokipandisha

Kila nikiingia ofisi ya mtu na kukuta kiti cha kuzunguka, mkono wangu huenda wenyewe chini yake kutafuta komeo. Watu hudhani ni ufundi. Ni aibu, na imekaa nami miaka mingi kuliko wanangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha zamani kidogo, malori yalikuwa yakipishana barabara ya Malaba, na sisi Wakenya tulikuwa tumejaa Kampala tukifanya kazi za kila namna. Nilizaliwa Changamwe, baba akiwa mtu wa reli, nikapanga chumba Naguru na kupata kazi katika kampuni ndogo ya kutoa mizigo forodhani. Mwenye kampuni alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu mnene mwenye haraka, ambaye hata chai aliinywa akiwa amesimama. Ofisi ilikuwa juu ya duka la vipuri. Tulikuwa watu watano tu: bosi, mhasibu, dereva, mimi, na mama wa mapokezi.

Mama huyo alikuwa wa zamani kuliko sisi wote. Alikuwa Mganda, mjane, mkazi wa Kasubi, umri wake sawa na wa mama yangu au zaidi kidogo. Kila siku alivaa gomesi ya Kiganda iliyonyooshwa vizuri, mabega yamesimama, mshipi umefungwa chini ya kiuno. Aliwajua wateja wote, nani mtoto wa nani na nani kafiwa wiki iliyopita, na simu yake ilitoa mizigo mingi kuliko mihuri ya bosi. Mimi aliniita nyabo, jinsi Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima, ingawa ningeweza kuwa bintiye. Kwa kuwa Kiganda changu kilikuwa cha kununulia ndizi tu, alilazimika kuzungumza nami Kiswahili. Kiswahili alikuwa hakipendi, na mimi nilidhani ni uvivu wa kujifunza.

Sasa, hili la magoti. Akiingia mteja wa heshima, hasa mzee, mama aliteleza kutoka kitini hadi kwenye mkeka mdogo uliokaa kando ya meza yake, akapiga magoti, akamsalimu. Salamu ya Kiganda haina haraka. Umelalaje, wa nyumbani je, na kati ya swali na swali kuna miguno ya kuitikiana ambayo mgeni husikia kama watu wawili wanaokubaliana jambo asilolijua. Wakishamaliza, mama hushika ukingo wa kiti, hurudi juu, huchukua kalamu na kazi huendelea.

Kiti chake alikiweka chini kabisa, mwisho wa skrubu. Akikaa, magoti yalikaribia kifua na meza ilimfika karibu na kwapa. Akiandika, mabega yalipanda kama ya mtu anayesikia baridi. Mimi niliona kiti kilichokaa vibaya. Kwamba kiti na mkeka vilikuwa vinakwenda pamoja, hilo halikunipitia kichwani hata kwa bahati mbaya.

Na nikiri kitu kingine. Yale magoti yalinikera. Kwetu shikamoo hutolewa wima. Tunasema tunashika miguu ya mtu na hakuna anayeinama. Siku moja mteja kutoka Nairobi alimkuta mama magotini mbele ya mzee mmoja, akaniuliza kwa sauti kama mama anatafuta hereni iliyoanguka. Nilicheka naye. Baadaye nikachukia kwamba nimecheka, na hasira yote nikaipeleka kwa mama badala ya kuipeleka kwa yule mgeni.

Mwaka huo bosi alinituma Nairobi kwa mafunzo ya siku mbili ya kazi za ofisi. Nilirudi na cheo cha msimamizi na karatasi yenye picha ya mtu aliyekaa kitini, mistari imechorwa kwenye viungo vyake vyote. Nyayo ziwe bapa sakafuni. Mapaja yalale sawa. Viwiko vifike meza, mgongo uguse egemeo. Niliibandika ukutani, nikachukua rula, nikaanza kuwapima watu. Sicheki ninapoandika hivi, ingawa wewe una haki ya kucheka.

Nilianza na mhasibu, aliyekuwa akilalamika bega miezi mingi. Nikampandishia kiti, nikamsogezea meza, na baada ya siku nne akasema bega limepoa. Basi kichwa kikavimba. Dereva akaanza kuniita daktari wa viti. Alikuwa akinitania, lakini mimi nililipokea jina hilo kama cheti.

Jumatatu iliyofuata nikamfikia mama. Viti vyetu vilikuwa vya skrubu, vyenye magurudumu: ukizungusha kikalio upande mmoja kinapanda, upande wa pili kinashuka, halafu unakaza komeo pembeni ili kisihame. Nikamwomba asimame, nikazungusha, nikamwomba akae. Mama wa watu alikuwa mfupi; nyayo zake ziligusa sakafu kwa vidole tu. Nikaleta rundo la vitabu vya risiti vya zamani, nikamwekea chini ya miguu. Viwiko vikafika meza. Alionekana kama picha yangu ya ukutani iliyovishwa gomesi.

"Asante, nyabo," alisema. "Lakini mimi naona chini ni muzuri."

"Utazoea, mama."

"Chini ni muzuri," alirudia, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Jumanne asubuhi nilikuta kiti kimerudi chini. Nikakipandisha. Jumatano kimerudi. Nikakipandisha tena na kusema kwa sauti, ili kila mtu asikie, kwamba skrubu ya kiti hiki imelegea. Mhasibu alitazama madaftari yake. Nilijua vizuri kwamba haikulegea. Alhamisi nilipokikuta chini, nilisubiri mama aondoke jioni, nikaazima plaisi kwa dereva na kulikaza lile komeo hadi chuma kikalia. Dereva alisimama mlangoni akinitazama. Aliniuliza kama mama anajua. Nikamwambia ni kwa faida yake.

Niliamini hivyo? Kwa sehemu. Sehemu nyingine ilikuwa hivi: mtu aliyeketi juu vile, miguu kwenye rundo la vitabu, hawezi kuteleza hadi mkekani. Nilitaka akae kama mtu wa ofisi. Nilitaka mgeni wa Nairobi akirudi asikute cha kuchekea.

Ijumaa asubuhi mama alijaribu komeo kwa vidole, halafu kwa leso, kisha akaacha. Saa nzima alifanya kazi amesimama, simu begani, na mimi nikamwambia akae, mapokezi si kituo cha basi. Akakaa. Saa nne hivi akaingia mzee mmoja kutoka Lubaga, mwalimu mstaafu mwenye mkongojo, ambaye tulikuwa tukimtolea vyerehani vya kikundi cha kanisa. Alikuwa amemfundisha mama kusoma, utotoni. Hakuna mteja ambaye mama alimheshimu kuliko yeye.

Alifanya alivyofanya siku zote. Mwili wake ulijua urefu wa kile kiti kuliko kichwa chake. Aliteleza, na pale ambapo mkeka ungempokea palikuwa na hewa. Vitabu vikatawanyika, kiti kikarudi nyuma kwa magurudumu yake, na mama akaangukia ubavu. Gomesi ikapanda hadi mapajani. Yule mwalimu mzee aligeuza uso ukutani ili asimwone, akabaki hivyo hadi mimi nilipomfunika mama. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Hakulia. Alivuta nguo yake mara mbili, hata baada ya kufunikwa, na ndicho alichofanya kwanza, kabla ya kushika nyonga.

Bosi akatoka ofisini kwake na kikombe mkononi. "Nini? Kiti kimevunjika?"

Hapo ndipo ningesema. Mama aliniangalia kutoka chini. Dereva aliniangalia. Nilichosema ni hiki: "Kiti kiko sawa. Nimekipima mwenyewe."

Kila neno lilikuwa la kweli, na ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Bosi akatikisa kichwa. "Basi ni uzee. Nilikuwa naliona hili."

Dereva alimpeleka mama hospitali. Mfupa haukuvunjika, lakini aliambiwa alale wiki tatu. Wiki ya pili bosi alinitajia jina la msichana mmoja, binti wa rafiki yake, mchangamfu, mwenye Kiingereza kizuri, na akaniagiza nimwandalie mama barua ya kumwachisha kazi. Niliichapa mwenyewe. Niliandika kwamba ni kwa sababu ya umri na afya, kampuni inamshukuru kwa utumishi wake. Nyayo zangu zilikuwa bapa sakafuni na mgongo umegusa egemeo. Nakumbuka hilo kwa sababu nililiona wakati uleule, nikajichukia, na nikaendelea kuchapa.

Nilijitolea kuipeleka. Nilijidanganya kwamba nikimwona ana kwa ana nitajua la kufanya. Jumamosi nikapanda hadi Kasubi, nikaulizia, nikaonyeshwa nyumba ndogo ya matofali yenye ua uliofagiliwa. Mama alikuwa sebuleni juu ya mkeka, miguu ameikunja upande mmoja. Aliponiona aliita mjukuu alete kiti, kiti pekee cha mbao kilichokuwa ndani, kikawekwa kwa ajili yangu. Nilipokwisha kukaa, alijivuta polepole, akauma mdomo, akapiga magoti mbele yangu ili anisalimu.

"Mama, tafadhali usipige magoti. Nyonga yako."

"Nyonga ni yangu," alisema. Akanisalimu salamu yote, hadi mwisho, na mimi nikaitikia nilivyojua. Kisha akakaa tena upande upande na kupumua.

"Wewe unachukia magoti, nyabo," alisema. "Mimi naona siku nyingi."

"Hii Swahiri, unajua mimi nilijifunza wapi? Kwa lodibuloko. Wakati wa vita, wanajeshi wanafunga njia. Lala chini! Piga magoti! Leta kitambulisho! Ndiyo Swahiri ya kwanza mimi nilisikia. Siku moja walinipigisha magoti kwa mawe, asubuhi mpaka jua liko kichwani. Halafu mmoja akaleta teke, hapa." Akagusa nyonga ileile. "Kutoka siku ile siwezi kushuka kwa kiti ya juu. Nashuka kwa ya chini tu. Vita iliisha, mimi nikasema, sasa napiga mwenyewe. Kwa mutu mimi napenda. Kama sipendi, sipigi. Wewe umeona mimi napigia bosi?"

Nikajaribu kukumbuka. Miaka miwili nilikuwa nimekaa katika ofisi ile nikiyahesabu magoti yale kama unyonge, na sikuwahi kuona kwamba bosi hakupigiwa hata siku moja. Alisalimiwa kutoka kitini, tena kwa kifupi. Na mimi nilikuwa nimepigiwa dakika tano zilizopita, na barua iko mkobani.

Niliitoa. Ilikuwa ya Kiingereza, kama barua zote za ofisi, na yeye alisoma Kiganda. Akanirudishia. "Soma."

Nikasoma, nikitafsiri. Niliyasoma ya shukrani kwa sauti nzuri, nikasoma tarehe, nikasoma jina na cheo cha bosi. Sababu nikairuka.

"Sababu ni nini?"

"Umri," nikasema. "Na afya."

"Balua aliandika nani?"

"Niliichapa mimi."

Akaitikia kwa mguno, ule mguno wa salamu. Kisha akauliza, bila ukali, "Na kiti?"

Sijui nilidhani nafanya nini. Niliteremka kutoka kwenye kile kiti cha mbao, nikapiga magoti kwenye sakafu yake ya saruji, vibaya, goti moja kwanza, sketi yangu ya ofisi ikinibana. Nilikuwa nalia. Nikasema nisamehe, mama, nisamehe. Mjukuu alichungulia kutoka mlango wa jikoni akaondoka haraka.

Mama akanigusa bega. "Inuka, nyabo. Hapa mimi sitaki magoti ya makosa. Magoti ni ya salamu. Makosa enda sema kwa bosi. Sema tu, mimi nilikaza kiti. Maneno matatu. Mimi nataka kuludi kwa simu yangu."

Nikasema nitasema. Nikasema Jumatatu asubuhi, kitu cha kwanza. Aliniamini, au alinipa nafasi ya kuaminiwa, sijui ni kipi kinachoniuma zaidi. Alinifungia papai kwenye gazeti nipeleke nyumbani.

Jumatatu nilifika mapema kuliko wote. Kitu cha kwanza nilikwenda kwenye kiti chake na plaisi ya dereva, nikalegeza komeo, nikakishusha hadi mwisho. Nikakaa nikamsubiri bosi. Alipoingia alikuwa na furaha, alikuwa amepata mteja mkubwa Jinja, na aliniuliza akiwa bado anavua koti, "Ile barua umeifikisha?"

"Nimeifikisha."

"Alisemaje?"

Nilikuwa na maneno matatu mdomoni, nimeyabeba toka Kasubi. Niliufikiria mkataba wangu, cheo changu, karatasi yangu ya ukutani. Nilifikiria bosi atakavyonitazama.

"Alisema asante," nikajibu.

Saa tatu yule msichana akaja kuanza kazi. Alikaa, akaona magoti yanamfika kifuani, akacheka, akauliza kiti hiki kilikuwa cha mtoto? Akakizungusha mwenyewe hadi juu. Sikurudi Kasubi. Kwa miaka nilipita njia nyingine hata pale ambapo ile ya Kasubi ingekuwa fupi, na nilipokutana na dereva, aliyekuwa ameacha kazi muda mfupi baadaye, alinisalimu vizuri na hakuniita daktari wa viti tena. Yeye ndiye aliyeniambia mama amefariki na kuzikwa kwao kijijini. Alisema hadi mwisho simu ya jirani ikilia alikuwa akigeuza kichwa.

Miaka miwili baada ya hapo bosi alistaafu. Tulimfanyia chakula hotelini, na mimi niliketishwa karibu naye, kwa kuwa wakati huo nilikuwa meneja. Alikuwa mzee sasa, mwenye miguu iliyovimba, na alikuwa mpole kwangu kama baba. Walipoleta samaki nilimgeukia. Hakukuwa na cha kupoteza tena. Mkataba ulikuwa wangu, kampuni ilikuwa inapita kwa wengine, mama alikuwa kaburini.

"Mimi nilikaza kiti," nikamwambia. "Cha mama wa mapokezi. Ndiyo maana alianguka. Hakuwa amezeeka."

Maneno hayo hayakuchukua hata muda wa kumeza tonge. Bosi alitoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani, akanitazama kwa upole akijaribu kukumbuka.

"Mama gani?" aliuliza.